Gitaa la Mwita Lililojijibu

Jumapili, tarehe kumi na mbili Aprili. Mvua imeanza kabla jogoo hajawika na mpaka naandika haijakatika. Si mvua ya kelele. Ni ile ya kunyunyiza, inayoshuka pamoja na ukungu, mpaka migomba ya jirani inaonekana kama watu waliosimama wakisubiri kuitwa majina.

Vijana wangu mnaopiga vyombo hapa Nyamwaga, mmeniomba niwaandikie juu ya kazi yangu ya zamani, kutengeneza maredio na vyombo vya muziki, na hasa juu ya sintesaiza ya gitaa, kwa kuwa ile mliyoletewa kanisani inawasumbua. Sijui kama mimi ndiye mtu wa kuulizwa. Shule niliishia darasa la saba, na Kiingereza cha vitabu vya mashine hunipita kama lori la mchanga, nabaki na vumbi. Lakini chuma cha kulehemu nimekishika tangu sina mtoto hadi nina wajukuu. Nitaandika ninavyokumbuka. Pale alipojua mtu mwingine nitamtaja, maana sipendi kuvaa sifa isiyonitosha.

Kwanza mjue chombo chenyewe. Gitaa linabaki gitaa. Unachofanya ni kubandika karibu na daraja, pale nyuzi zinapolalia, kipande chembamba chenye macho sita, kila jicho chini ya waya wake. Kazi ya kile kipande ni kusikiliza. Kebo nene inabeba kilichosikika mpaka kwenye kisanduku, na kisanduku kinakisema upya kwa sauti nyingine: filimbi, tarumbeta, kinanda, na sauti nyingine ambazo sijui ziliumbwa wapi. Unagusa waya, inalia tarumbeta. Mara ya kwanza kuisikia nilidhani nasinzia.

Hiyo ilikuwa Genkuru, enzi za dhahabu ya mikono, wakati kila mwenye nyundo na tochi alikuwa na shimo lake au shimo la mwenzake. Watu walitoka Tabora, Singida, Geita, hata ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Vumbi la mawe yaliyosagwa lilikaa juu ya kila kitu, jeupe, na asubuhi jua likipiga ungeona kijiji kizima kama kimepakwa unga. Banda letu la ufundi lilikuwa la mabati, kando ya njia ya kwenda mashimoni.

Nasema letu, lakini lilikuwa la Fundi Saidi. Alikuwa mtu wa Tabora, alikuja kuchimba, shimo likamshinda, akafungua banda la redio. Mimi nilimpelekea redio ya baba yangu, nikakaa kuangalia, kesho yake nikarudi bila redio. Akaniuliza, "Bhoke, leo kimeharibika nini?" Nikasema hakuna. Akasukuma kigoda kwa mguu, akasema, "Basi kaa. Lakini usishike kitu kabla hujanusa." Alimaanisha hivyo hivyo. Chombo kilichoungua kina harufu, na harufu hukuonyesha upande wa kuanzia. Mpaka leo nikiletewa kitu nakinusa kwanza, na watu hucheka.

Neno lake lingine lilikuwa hili: "Chombo hakiumwi kote. Tafuta panapouma." Mimi nilikuwa na haraka, nilifungua kila skrubu. Kuna siku nilifungua ampli ya watu, nikaisafisha nusu siku, kumbe fyuzi ilikuwa imekatika. Saidi hakunigombeza. Alinipa ile fyuzi, akasema niivae shingoni kama rozari.

Sasa Mwita. Alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya klabu ya Masanja, Msukuma mmoja mpole mwenye tumbo, pale Genkuru. Bendi ilikuwa na watu wanne, dhahabu ikala wawili. Mpiga tarumbeta aliteremka shimoni akasema atarudi akitajirika. Mpiga kinanda akamfuata. Akabaki Mwita na mpiga ngoma. Masanja akasema, kwa haki yake, kwamba wachimbaji hawalipi kusikiliza gitaa moja na ngoma, hata nyumbani kwao vipo. Akampa Mwita mpaka Jumapili. Muziki ukijaa, kazi ni yake. Usipojaa, inakuja bendi ya Wakenya.

Binamu yake Mwita wa ng'ambo alimletea kisanduku ndani ya gunia la vitunguu. Alikileta bandani mwenyewe. "Hii mashini ni kali sana," alisema, "lakini mimi imenishinda. Labda nyinyi watu wa dhahabu mtaiweza." Kisha akaondoka na gunia lake, vitunguu akatuachia viwili.

Kesho yake alikuja mama yake Mwita. Tulimwita Mama Chacha, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jina hilo hakuna aliyeweza kulibadilisha, ingawa Chacha mwenyewe alifunikwa na shimo mwaka uliotangulia. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba," akabaki amesimama mlangoni na jembe lake.

"Hicho ndicho kisanduku?"

"Ndicho, mama."

"Kikikataa, Mwita anashuka Jumatatu. Ameshapewa nafasi kwenye zamu. Shimo lile lile." Alihamisha jembe bega la pili. "Mimi sijui mambo ya umeme. Nimekuja tu ujue."

Akaenda zake shambani. Nami nikabaki nakitazama kisanduku, na vitaa vyake vidogo vilikuwa vimezima.

Nisiwe mwongo: si kila aliyeshuka alikufa. Wengine walirudi na mabati, wakajenga, watoto wao mnasoma nao. Lakini mama yule alikuwa na haki ya kuhesabu kwa hesabu yake.

Tulianza kazi. Hapa ndipo mnisikilize, maana yenu pale kanisani nadhani inaumwa hapa hapa. Kile kipande chenye macho lazima kikae karibu kabisa na nyuzi bila kuzigusa. Bonyeza waya kwenye chuma cha mwisho cha shingo, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya waya na jicho. Iwe unene wa sarafu. Ikizidi, haisikii. Ikipungua, waya utagonga jicho na utapata mlio wa nyuki. Na hakikisha hujakigeuza. Mimi nilikigeuza. Mwita akapiga waya mnene, taa ya waya mwembamba ikawaka. Akaniangalia. Nikasema ndivyo kinavyofanya kikiwa kipya. Saidi akakohoa kule nyuma.

Kisha nyuzi. Genkuru hapakuwa na duka la nyuzi za gitaa. Waya ukikatika, watu walichambua waya wa breki ya baiskeli, wakachukua uzi mmoja wa chuma, wakafunga. Nyuzi zilizochoka walizichemsha na magadi kama kunde, zikapata ujana wa wiki moja. Kwa gitaa la kawaida si vibaya, Mwita alipiga hivyo na watu wakacheza. Lakini kisanduku ni kama mwalimu wa kuhakiki hesabu. Waya wa breki una kutu hapa, umekunjika pale, unatoa sauti mbili kwa wakati mmoja ambazo sikio letu linasamehe. Kisanduku hakisamehi. Kilikuwa kinatetemeka kati ya sauti hii na ile kama mtu asiyejua aingie mlango gani. Ikabidi tumwombe dereva wa lori lililokwenda Tarime atuletee seti nzima, na alituletea.

Halafu kebo. Waya mmoja wa gitaa ulikuwa bubu kabisa. Nilitaka kufungua kisanduku, Saidi akanishika mkono. "Panapouma," alisema. Nikaangalia kichwa cha kebo: kijipini kimoja kimelala. Nilikiinua kwa mrija mtupu wa kalamu ya bic, taratibu, kikasimama. Mrija wa kalamu haupo kwenye kitabu chochote, lakini uwe nao.

Mwisho ni kuweka kiasi. Kila waya una kiasi chake cha kusikika, na taa zinapanda kadri unavyopiga. Piga kwa nguvu ile utakayotumia ukiwa umechangamka, si nguvu ya kujaribu kwa aibu. Taa ya mwisho iwake tu ukipiga kwa nguvu zako zote.

Tulipomaliza hayo, Mwita alichagua filimbi. Mchana ulikuwa umetulia, mawingu yamekaa chini juu ya vilima. Akagusa waya mwembamba. Sauti iliyotoka haikuonekana kutoka kwenye spika. Ilikuwa kama imekuwepo hewani tangu zamani na mtu amefunua tu kitambaa. Wachimbaji waliokuwa wanapita walisimama na viroba vya mawe mabegani. Mwenye kuuza uji alitazama paa. Mbwa alilala. Sijui nieleze vipi, vijana. Nilihisi kama Genkuru yote inaelea kidogo juu ya ardhi, na mashimo yamebaki chini yetu, mbali, hayana habari na sisi.

Kisha Mwita akabadilisha, akaweka tarumbeta, akaanza kupiga muziki wake wenyewe wa haraka. Hapo gitaa likaanza kujijibu.

Katikati ya sauti zake zilitoka nyingine, fupi fupi, ambazo vidole vyake havikuzipiga. Tarumbeta ndogo, kama mtu anayeitikia kutoka chumba cha pili. Alipoacha, iliitikia mara moja peke yake, ikanyamaza. Watu waliokuwa mlangoni wakarudi nyuma. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Ni Chacha huyo. Anaitikia ndugu yake." Neno hilo likatembea njia nzima kabla hatujazima mashine.

Mwita aliweka gitaa chini. Alikuwa mtu mrefu, lakini alikaa kwenye kigoda kama mtoto aliyerudishwa nyumbani. "Kama ananiita," akasema, "basi ananiita."

Nilishughulika na kile kisanduku siku zilizofuata. Nilipunguza kiasi cha kusikia, ile sauti ikapungua, na muziki nao ukapungua. Nilisingizia jenereta, kwa sababu lilikuwa linaendesha na karasha ya kusagia mawe, na ni kweli karasha ikiwashwa kisanduku kilisahau yote tuliyokifundisha. Nikahamishia kwenye jenereta jingine. Sauti ikaendelea kuitikia. Tulimwita Mwalimu Wambura wa shule ya msingi atusomee kitabu. Alisoma kwa subira, akatafsiri, "Hapa wanasema mpigaji aguse nyuzi tu, asiguse kitu kingine." Nilimjibu vibaya. Nilisema gitaa haliguswi kwa macho. Nataka mjue kwamba Mwalimu alikuwa sahihi tangu neno la kwanza, ni mimi niliyesikia matusi palipokuwa na msaada.

Ijumaa Mama Chacha alipita akitoka shamba. Habari ya njiani alikuwa ameshaisikia. Aliingia, akaweka jembe chini, akasema, "Piga nisikie."

"Mama, acha," Mwita alisema.

"Nimesema piga."

Akapiga. Ile tarumbeta ndogo ikaitikia. Mama Chacha aliinamisha kichwa upande mmoja. Mimi nilikuwa namtazama usoni, naogopa. Kisha nikaona midomo yake inaanza kucheka.

"Chacha?" alisema. "Chacha wangu huyu? Chacha hakuwahi kupata mdundo hata wa kutwanga! Akishika mchi, kuku walikuwa wanahama. Huyo si Chacha. Hiyo ni pete."

Sote tukatazama mkono wa Mwita. Kwenye kidole alikuwa na pete nene ya chuma ya babu yake, aliyekuwa mpigaji wa litungu, chombo chetu cha nyuzi cha wazee. Babu yule alipokuwa anacharaza nyuzi, alikuwa anagonga ubao kwa pete, ko, ko-ko, na ndiyo iliyokuwa ngoma yake. Mwita alijifunza magotini pake. Alipohamia kwenye gitaa, kugonga kulihamia naye, na alikuwa hajui tena kwamba anagonga. Kila pete ilipogusa mbao, nyuzi zilitikisika kidogo, na kisanduku kisichojua habari za litungu kilisikia mtikisiko kikaufanya tarumbeta.

Mwita aliizungusha pete kidoleni. Kisha alishusha pumzi hivi, kama mtu aliyetolewa mzigo.

Mngedhani imekwisha. Mimi nilidhani. Tukamvua pete, tukamwambia apige bila kugonga. Kisanduku kilitulia kabisa, hakuna hata mzimu mmoja. Lakini Mwita mwenyewe akapotea. Alichelewa, akawahi, akasimama. "Mkono umekuwa wa mtu mwingine," alisema. Tukajaribu agonge kwa mguu kwenye sanduku. Mguu ukaenda kwake, mkono kwake. Angejifunza kwa miezi, si kwa siku mbili.

Mimi na Saidi hatukuwa na kitu cha kulehemu.

Mama Chacha akavuta kigoda, akakaa mbele ya mwanawe. "Ule mdundo naujua," alisema. "Niliusikia nikiwa jikoni tangu naolewa. Piga, nitagonga mimi."

Mwita akamnyooshea pete. Mama akarudisha mikono nyuma kama ameonyeshwa kaa la moto.

"Mura, kijana wangu, una akili? Baba mkwe sikuwahi hata kumtazama usoni, leo nivae pete yake? Bhoke, nipe kijiko."

Nilimpa kijiko changu cha uji. Akakifuta kwenye kanga, akagonga ukingo wa kigoda, ko, ko-ko. Mwita akafumba macho. Mkono wake ukarudi, na hakuna kilichojibu ila alichokipiga.

"Lakini mama, ni klabuni," Mwita alisema baadaye. "Wewe ni mtu wa kanisa."

"Klabuni sijawahi kuingia hata kuomba chumvi," alisema. "Jumapili baada ya ibada nitaingia. Mungu anajua shimo liko wapi."

Jumapili ile mwenye karasha alituonea huruma akazima mashine yake mchana wote. Klabu ilijaa. Mama Chacha alikaa kando ya Mwita na gauni lake la kanisani, kreti tupu ya bia imesimamishwa mbele yake, kijiko mkononi. Mlevi mmoja akapiga kelele, "Masanja, siku hizi unaajiri na mama wakwe?"

"Kaa chini, mura," Mama Chacha alimjibu bila kugeuka. "Mama yako akikuona hapo atalia." Watu wakacheka, hata mlevi.

Wimbo wa kwanza ulikuwa na kasoro moja, nayo ni yangu. Waya mnene huchelewa kusikika, kisanduku kinahitaji kuusikiliza kidogo zaidi ndipo kiujue, na mimi sikumwambia Mwita mapema. Tarumbeta ilikuja nyuma ya wimbo kama mzee nyuma ya msafara. Nikamwonyesha kwa kidole: piga kwenye nyuzi nyembamba, nami nikakipanga kisanduku kiishushe sauti yake chenyewe iwe nene. Hilo mkalijaribu kesho. Baada ya hapo muziki ukajaa. Tarumbeta zilikuwa mbili, mara kinanda, mara filimbi ikipita juu yao kama ukungu wa asubuhi, na chini ya zote kijiko kikitembea. Wachimbaji walicheza na viatu vyao vyenye vumbi jeupe, na vumbi likapanda, na kwenye mwanga wa mlangoni sikuweza tena kutofautisha nani ametoka shimoni na nani bado.

Wapo wazee walionung'unika kwamba mdundo wa litungu haugongwi na mwanamke. Nawaandika hapa kwa sababu walikuwepo, na walibaki mpaka mwisho.

Masanja alikuja akijifuta jasho. "Wale wa ng'ambo nitawaambia wabaki kwao," alisema. "Mwita, Jumapili ijayo uwahi. Na mama wa kreti?"

"Mimi nina shamba," alisema Mama Chacha. "Nitakuja mpaka mguu wake utakapopata akili."

Ulipata akili baada ya mavuno. Mwita hakushuka shimoni Jumatatu ile wala nyingine.

Mimi mpaka leo sijui kama nilitengeneza kitu. Nafasi ya sarafu niliipata kwa Saidi, ukweli niliupata kwa Mwalimu nikaukataa, na ugonjwa ulitambuliwa na mama mkulima kwa sikio la jikoni. Mrija wa kalamu tu ndio wangu. Basi ninyi mkifungua chombo cha kanisani, mfanye yote niliyoyaandika, na kama bado kinajijibu, mtazameni mpigaji kwanza, kwa upole, na mwulizeni alijifunzia wapi.

Jumapili ile, jua lilipokuwa linashuka, Mama Chacha alituita nyumbani kwake, mimi na Saidi. Mezani palikuwa na furushi la kitambaa, limefungwa kwa fundo la kubebea. Alikuwa amelifunga tangu alfajiri kabla ya kwenda ibada, chakula cha zamu ya Jumatatu, kwa kuwa mama hamwachi mwanawe ashuke na njaa hata kama anapinga safari. Alilifungua fundo mwenyewe, akatumia meno, akatuwekea kila mtu fungu lake, na jioni ile tulikula chakula cha shimoni juu ya ardhi: mihogo ya kuchemsha iliyopoa, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, karanga, na maziwa mgando aliyoyaongeza kwa sababu sasa hapakuwa na haja ya kuyabeba.